Makombo ya keki mdomoni mwa Randolph

*Swali:* Shikamoo mwalimu. Nasoma Dar es Salaam, shule inayofuata mtaala wa Cambridge, na mwakani nina mtihani wa fasihi ya Kiingereza. Tunasoma hadithi fupi ya Thomas Hardy, "The Son's Veto". Insha ya kwanza niliandika kuhusu Sophy na mwanawe, mwalimu akaandika pembeni: mitazamo ya jamii ya enzi ya Victoria iko wapi? Ya pili nikaanza na ukurasa mzima wa Malkia Victoria, viwanda na mfumo dume. Akaukata wote kwa kalamu nyekundu: hili ni somo la historia. Sasa nifanyeje? Na kusema kweli, mimi namwona Randolph ni mtoto mwenye roho mbaya tu. Sioni jamii inaingilia wapi.

*Jibu:*

Marahaba, mwanangu. Umepigwa kalamu nyekundu mara mbili kwa makosa yanayoonekana kupingana, kumbe ni kosa moja. Mara ya kwanza uliishika hadithi ukaiacha jamii nje ya mlango. Mara ya pili ukaikaribisha jamii, hadithi ikabaki nje. Unauchukulia muktadha kama kachumbari, kitu cha kuweka pembeni ya sahani ili mlo uonekane umekamilika. Kwa Hardy muktadha ni tui. Limeshapikwa ndani ya wali, na kazi yako ni kuonja punje moja uniambie limo.

Kwa wasomaji ambao hawajaisoma, kisa chenyewe ni hiki. Hadithi ilitoka Desemba 1891 katika gazeti la Illustrated London News, kisha mwaka 1894 ikaingia katika mkusanyiko uitwao Life's Little Ironies. Sophy ni msichana wa kijijini, mtumishi wa ndani kwa kasisi Twycott. Kijana mtunza bustani, Sam Hobson, anataka kumwoa. Kasisi anafiwa na mkewe, kisha anaugua. Sophy akimpelekea chakula anateleza kwenye ngazi na sinia mkononi, anaumia mguu, na tangu hapo si wa kusimama muda mrefu. Anapoaga kwamba kazi hataiweza tena, kasisi anamwomba awe mke wake. Wanahamia kusini mwa London, wanapata mtoto mmoja, Randolph, anayesomeshwa bila kubaniwa senti. Mume anakufa. Sam anarudi maishani mwa Sophy na kumwomba tena ndoa. Randolph anakataa, na kwa miaka anaendelea kukataa, mpaka mama anakufa.

Sasa twende ukurasa wa kwanza, kwa sababu swali lako lote limejibiwa pale, kabla hata hatujajua Randolph anaitwa nani.

Mama na mwana wanatoka kwenye tamasha la muziki, mama yumo kwenye kiti cha magurudumu. Anasema jambo la kawaida kabisa kuhusu baba aliyebaki nyumbani mgonjwa, kwamba amekuwa na nafuu, na kwa Kiingereza chake anaanza na "He have". Mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu anamkata kauli: "Has", mama mpendwa, si "have"! Ilipaswa uwe unajua hilo mpaka sasa. Mama anaupokea usahihisho kimya. Halafu Hardy anatudokezea, kama kwa bahati tu, kwamba mama angeweza kulipiza kwa kumwambia afute makombo mdomoni, maana mtoto huyo alikuwa anakula kwa siri keki aliyoificha mfukoni.

Wewe ulisoma hapo ukaona mtoto hana adabu. Sawa, hana. Lakini simama kidogo. "He have" si ulimi wa mtu mjinga. Ndivyo walivyosema watu wa mashambani wa kusini-magharibi mwa Uingereza, na Hardy aliyezaliwa Dorset mwaka 1840 alikijua Kiingereza hicho kama unavyokijua Kiswahili cha mtaani kwenu. Alikiheshimu kiasi kwamba mwaka 1908 alihariri mashairi teule ya William Barnes, mshairi wa lahaja ya Dorset. Kwa hiyo tofauti ya "have" na "has" hapa si sarufi tu. Ni ramani. Inaeleza mama ametoka wapi na mtoto amepelekwa wapi, na kwamba njia ya kati yao ni ya upande mmoja: mtoto anaweza kumsahihisha mama, mama hawezi kumsahihisha mtoto hata kwa jambo la makombo. Mwenye kosa linaloonekana kwa macho ni Randolph. Mwenye kosa linalohesabiwa ni Sophy.

Wewe unalijua jambo hili kwa masikio yako. Mtu akifika Kariakoo akasema "kitabu yangu", hakuna asiyeelewa anachotaka, lakini kuna atakayecheka. Anayecheka hasikii ngeli. Anasikia mtu katoka wapi. Sasa fikiria anayecheka ni mtoto wake wa kumzaa, ambaye yeye mwenyewe alimlipia ada ili aje kuyajua hayo. (Usiuandike mfano huu kwenye mtihani, msahihishaji wa Cambridge hatakupa alama kwa ajili ya Kariakoo. Nakupa ili uhisi kwanza. Usichokihisi utakiandika kama orodha.)

Hapo ndipo jamii inapoingilia: kwenye herufi chache za kitenzi na kwenye makombo ya keki. Laiti ungeandika aya moja juu ya makombo hayo, ukurasa wako wa viwanda usingehitajika.

Nenda sasa kwenye tukio ambalo mama anamweleza Randolph kwamba huenda akaolewa tena. Swali la kwanza la kijana kuhusu mtu mwenyewe si kama mama anampenda, wala kama ni mwema. Anauliza kama ni "gentleman". Kamusi nyingi zitakuambia "bwana", lakini nadhani neno letu lililo karibu zaidi ni "muungwana", kwa ile maana ya zamani ya pwani. Muungwana leo tunamwita mtu mwenye tabia njema. Zamani Lamu, Mombasa au Zanzibar, neno hilo lilibeba kwanza nasaba: mtu huru, wa mji, wa ukoo unaojulikana, kinyume cha mtumwa na mshenzi. Tabia njema ilidhaniwa kuja pamoja na nasaba. Neno la Kiingereza lina utata uleule. Linadai kusifu mwenendo, kumbe linauliza ukoo. Ndiyo maana Sophy analijibu kwa woga. Kwa mwenendo, Sam ni muungwana kuliko wote hadithini. Kwa jinsi mwanawe anavyolitumia neno, sivyo, naye anakiri hivyo: ni mtu wa hali kama aliyokuwa nayo yeye kabla ya kumjua baba yake Randolph.

Randolph analia, kisha anatoa matusi matatu mfululizo: "boor", "churl", "clown". Yatafute katika kamusi inayoeleza asili ya maneno, na utafurahi. Yote matatu yaliwahi kumtaja mtu wa shamba. "Boor" ni mkulima, "churl" ni mtu huru wa tabaka la chini kabisa katika Uingereza ya kale, na "clown", kabla ya kuwa mchekeshaji wa sarakasi, alikuwa mwanakijiji. Randolph anasema "mshamba, mshamba, mshamba", na kwake hayo ni matusi tosha. Sam kweli anafanya kazi shambani, bustani ya mboga za sokoni! Anatukanwa kwa kazi inayoilisha London. Halafu kijana anaongeza kwamba jambo hilo litamshusha hadhi machoni mwa waungwana wote wa Uingereza. Wote, eti. Mvulana analia chumbani, na nyuma yake anaona nchi nzima imekaa ikimtazama.

Hiyo ndiyo sababu nakuomba uache kuandika "Randolph ana roho mbaya". Si kwamba namtetea. Ni kwamba ukisema ana roho mbaya umemaliza; huna la kuandika aya inayofuata. Hardy hamwoni hivyo. Anasema mtoto huyu alizaliwa kama watoto wengine, na huruma pana iliyofika hadi kwenye jua na mwezi, kisha ikapunguzwa na kupunguzwa mpaka ikabaki inawatosha watu elfu chache wenye mali na vyeo, ilhali mamilioni kwa mamilioni ya wanadamu wengine hawamhusu. Kuelekea mwisho msimulizi anatamka wazi: elimu yake ilikuwa imeufukuza ubinadamu wake kiasi cha kumwezesha kusimama imara. Sentensi hiyo inatisha. Randolph hakuharibika kwa kukosa malezi. Ameharibiwa na malezi yaliyofanikiwa.

Malezi gani? Hapa ndipo historia kidogo inakubalika, kwa kiasi cha chumvi. Randolph yuko katika shule ambazo Waingereza huziita za umma ilhali ni za kulipia, tena ghali, za bweni. Si kwamba kila mtu aliziweza. Ndiyo maana kofia na koti vya shule vinatajwa mapema sana, kwa sababu mtu barabarani akiviona angejua mtoto ni wa tabaka gani. Tangu sheria ya 1870 dola ilikuwa inajenga shule za msingi kwa watoto wa kawaida, na mwaka 1891, mwaka uleule wa hadithi hii, sheria nyingine iliondoa ada katika nyingi ya shule hizo. Nchi ilikuwa inaimba elimu. Katikati ya wimbo huo Hardy anauliza shule za juu kabisa zinamfundisha mtoto nini kuhusu mama yake. Sentensi mbili kama hizo katika insha zinatosha. Ukiandika ya tatu, kalamu nyekundu inarudi.

Na ukitaka kuona shule hiyo ikifanya kazi, nenda kwenye mechi ya kriketi uwanja wa Lord's. Sophy anakwenda na mwanawe. Wakubwa wamepanga magari yao ya farasi kuzunguka uwanja, na Hardy anayaorodhesha mabaki ya karamu: mifupa, chupa za shampeni, sahani, vyombo vya fedha vya ukoo. Juu ya magari wamekaa akina baba na akina mama wenye fahari. Kisha anaongeza kwamba hakukuwepo hata mama mmoja maskini kama huyu. Kwa fedha Sophy si maskini wa kulala njaa. Lakini katikati ya vyombo vile hana mahali pa kukaa. Alikuwa anatafuta nafasi ya kumwambia mwanawe habari za Sam, na pale uwanjani anaona haiwezekani. Jamii imeshamjibu kabla hajafungua mdomo.

Sasa jambo ambalo wanafunzi karibu wote hulipita mbio, nami ningelipa kichwa cha insha: kura hii ya turufu, yaani ile "veto" ya kichwani mwa hadithi, ina nguvu ya nani?

Kisheria, hakuna. Mjane wa Kiingereza alikuwa huru kuolewa na amtakaye. Hakuna mahakama ambayo ingempa mtoto wa shule, wala kijana wa Oxford, haki ya kumzuia mama yake. Utasema basi ni mali. Na kweli mali imefungwa: marehemu Twycott, kwa kuogopa mkewe asije akadanganywa, aliweka karibu kila kitu mikononi mwa wadhamini. Masomo ya kijana mpaka Oxford na ukasisi yamepangwa tayari, mama amebaki na kipato chake kidogo na nywele zake za kusuka. Tena akiolewa, hata haki ya kutumia alicho nacho itamponyoka. Lakini soma anachomwambia Sam. Anajua atapoteza, na kwa upande wake yuko tayari. Sam naye anaona ni afadhali, watakuwa huru zaidi.

Umeona alivyofanya Hardy? Ameiondoa sheria. Ameiondoa mali. Vizuizi viwili ambavyo insha yako ya pili ingevitaja kwa haraka, yeye kavifungua mbele ya macho yetu, na mwanamke bado hatoki. Kinachombakiza ni aibu, tena aibu ya mtu mwingine aliyoipokea kama deni lake. Mitazamo ya jamii, mwanangu, ndiyo hiyo: ni kile kinachokuzuia baada ya sheria kukuruhusu na mfuko kukubali.

Kwa hiyo "mfumo dume" si jibu la uongo, ila ni jibu la nusu. Aliyemzuia Sophy ni mwanamume, ndiyo, tena mwanawe. Lakini aliyeshindwa pamoja naye ni mwanamume pia, Sam. Ukisema "tabaka" peke yake nalo halitoshi, kwa sababu kwa ndoa Sophy alishapandishwa tabaka. Hardy anaiweka kwa namna nzuri: Sophy mwanamke alikuwa mwenzi wa kupendeza kuliko wote, ila Sophy "lady" alikuwa na upungufu wake. Mtu mmoja kagawanywa na maneno mawili. Kama mwanamke, angeweza kumpenda Sam. Kama "lady", yeye ni mali ya heshima ya marehemu na ya kijana anayesomea ukasisi. Jinsia na tabaka zimefumwa ukili mmoja. Ukivuta mmoja, mwingine unafuata.

Usimsahau Twycott, maana watu humwacha apite kwa kuwa ni mpole. Ni mpole kweli. Lakini angalia harusi yake. Asubuhi ambayo karibu hakuna ajuaye, kasisi anaingia kanisani kwa mlango mmoja, Sophy anaingia kwa mlango mwingine, pamoja na mashahidi wawili tu wa lazima. Milango miwili! Hardy hana haja ya kutueleza chochote kuhusu ndoa za tabaka mbili tofauti. Na hadithi inasema wazi kwamba kasisi alijua amejiua kijamii, ndiyo maana wakaacha kijiji chenye miti wakaenda kuishi kwenye nyumba nyembamba yenye vumbi, mtaa mrefu ulionyooka, mahali ambapo hakuna aliyemjua Sophy alipokuwa mtumishi. Kuhusu Sophy tunaambiwa hakumpenda hasa. Alimheshimu kwa heshima iliyokaribia ibada, na hata angetaka kukataa asingethubutu. Aliposema ndiyo, alikuwa bado mtumishi anayejibu mwajiri. Miaka mingi baadaye anapiga magoti mbele ya mtoto wake kwa mazoea yaleyale.

Magoti hayo nayo. Randolph ana msalaba na altare ndogo chumbani kwake, mambo yanayoendana na uamsho wa ibada ulioanzia Oxford mwaka 1833. Anampeleka mama pale, anamwapisha kwamba hataolewa na Samuel Hobson bila ridhaa yake, na anasema anafanya hivyo kwa ajili ya baba yake. Kwa ajili ya baba! Baba huyo ndiye aliyemchukua mtumishi wa nyumbani kwake akamwoa. Kijana anatumia jina la baba kukataza kitu ambacho baba alikifanya. Nimewahi kusoma insha nyingi juu ya hadithi hii, na tukio la kiapo kila mtu hulitaja. Kinaya hiki wachache hukiona.

Tuseme kidogo kuhusu jina la hadithi. "Veto" ni Kilatini: nakataza. Ni neno la mtu aliyesoma shule kama ya Randolph. Sophy, ambaye "was" na "were" bado vinamchanganya, asingelitamka. Hata kichwa cha hadithi kimeandikwa kwa lugha ya mwana, na mama anafia ndani yake.

Hapa nakuomba uchukue tahadhari moja. Usiandike "watu wa enzi ya Victoria waliamini kwamba…". Malkia alitawala kuanzia 1837 hadi 1901. Ni zaidi ya miaka sitini na mitatu, watu mamilioni, na walibishana kila siku. Hardy mwenyewe ni mtu wa enzi hiyo, na haamini anachoamini Randolph. Katika majira yaleyale ya mwisho wa 1891 alitoa riwaya ya Tess, akamwita msichana wa kijijini aliyezaa nje ya ndoa "mwanamke safi", na wasomaji wakagawanyika. Kwa hiyo unapoandika, tenganisha sauti. Kuna anachoamini Randolph. Kuna anachokiogopa Twycott. Kuna anachokihisi Sophy lakini hana maneno ya kukisema. Kuna msimulizi anayehukumu, mara kwa upole, mara kwa ukali. Sam naye anaweza kupenda bila kuuliza hadhi, na Sam ni wa enzi hiyohiyo. Mwanafunzi anayeandika "Randolph anaamini" na "msimulizi anaonyesha" ameshampita anayeandika "wao waliamini".

Na maisha ya Hardy? Baba yake alikuwa mwashi na mjenzi, mama yake aliwahi kuwa mtumishi wa majumbani, yeye mwenyewe aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita akaenda kujifunza kazi kwa msanifu majengo Dorchester. Chuo kikuu hakukisoma. Ukijua hayo unaelewa kwa nini sinia la Sophy linaelezwa na mtu anayejua uzito wake. Lakini kwenye insha usiyafanye kuwa ushahidi. Ushahidi ni sinia.

Jambo jingine: usimfanye Sophy kuwa jiwe. Usiku halali, anakaa dirishani kutazama mikokoteni ya mboga ikipita kuelekea soko la Covent Garden, kabichi zimepangwa kama kuta za ngome. Ndivyo anavyomwona Sam. Halafu alfajiri moja anatoka, Sam anamnyanyua mpaka juu ya mkokoteni, wanakwenda mpaka karibu na soko, Sam anampakia katika gari la kukodi arudi nyumbani, na hewa inampandisha rangi mashavuni. Baadaye anairudia, na ni katika safari hizo tu tunamwona akienda anakotaka, naye anabebwa juu ya biashara ya mboga, si katika gari la heshima. Mguu ulioumia ndani ya nyumba ya kasisi unapata nafuu juu ya mkokoteni wa mshamba. Jamii ileile iliyo Lord's iko hapa pia, imelala tu.

Sasa insha yako ya tatu. Usianze na Malkia. Anza na kitu kidogo kinachoshikika, ukitoe kwenye ukurasa, kisha uliza: kwa nini kimekuwa hivi na si vingine? Nani anafaidika? Nani ananyamaza? Aya yako inaweza kwenda hivi, ukiiandika kwa Kiingereza chako mwenyewe na kunukuu maneno halisi: *Randolph anamsahihisha mama yake sarufi huku yeye mwenyewe ana makombo ya keki aliyoificha. Hardy anaweka makosa mawili ubavuni mwa mwenzake, la lahaja na la adabu, na kutuonyesha kwamba ni la kwanza tu linaloadhibiwa. Ukimya wa Sophy unaonyesha kwamba ameikubali mizani hiyo, na mizani hiyohiyo ndiyo itakayomzuia kuolewa baadaye.* Mistari michache tu, bila neno "Victoria" hata mara moja, na mwalimu wako hataweza kuuliza mitazamo ya jamii iko wapi. Ukiweza kuirudisha aya hiyo baadaye, ukaiunganisha na yale matusi matatu au na ile milango miwili, umepata uzi wa insha nzima.

Aya ya mwisho iache kwa ajili ya barabara ya Aldbrickham. Ni jina la Hardy la mji wa Reading. Sam sasa ana duka kubwa la matunda kuliko yote mjini, lile alilomwahidi Sophy. Amevaa nguo nyeusi, duka limefungwa nusu, na msafara wa maziko unapita ukitoka stesheni ya reli kuelekea Gaymead, kijiji cha Sophy. Mwanamke aliyetaka kurudi nyumbani anarudishwa, na njia inapita mbele ya mlango ambao angekuwa anausimamia. Sam amevua kofia, macho yana machozi. Ndani ya gari la wafiwa kuna kasisi kijana, kidevu kimenyolewa, kizibao kimefungwa juu, anamtazama mwenye duka kwa uso mweusi kama wingu. Hakuna anayesema neno. Jiulize ni nani kati ya wale wawili Hardy angemwita "gentleman", kisha uonyeshe kwa kofia, kwa machozi na kwa wingu, bila kuniambia neno moja kuhusu roho mbaya.